Shajara ya mradi: ugomvi wa mijusi kichwa chekundu ndani ya kizimba kimoja, Arusha

Mwishoni mwa Mei: hali tuliyoikuta

Kizimba kina urefu wa futi 8, upana futi 4 na kimo futi 4, kipo kwenye baraza linaloelekea mashariki, maeneo ya Njiro. Ndani kuna mijusi watano wa kichwa chekundu, Agama lionotus, walewale wanaoonekana kwenye kuta na mawe ya mji huu: madume wawili na majike watatu. Wapo kwa kibali. Kumkamata mjusi wa porini na kumfungia bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo anayetaka kuiga kazi hii aanzie kwenye kibali kabla hajamwita seremala.

Kwenye shajara tunawaandika D1, D2, J1, J2 na J3. Hawapakwi rangi wala kufungwa uzi. Kila mmoja ana picha ya mgongo na ya koo, na madoa yanatosha kuwatofautisha.

Malalamiko yaliyotufikia yalikuwa mafupi: wanapigana wakati wa kula. Tulikaa kuangalia kabla ya kugusa kitu. Taa ya joto ilikuwa moja, ya wati 100, juu ya jiwe moja refu, na bakuli la chakula lilikuwa chini ya jiwe hilohilo. D1 anapanda hapo taa ikiwaka na habanduki hadi saa nne asubuhi. Anayefuata nyenje kwenye bakuli anaingia moja kwa moja kwenye eneo lake, basi anakimbizwa. Chakula kingehamishwa tu, malalamiko yangepungua kwa siku chache na ugomvi ungebaki palepale, kwa kuwa kinachogombewa ni joto. Njaa mjusi anaweza kuivumilia hadi kesho. Bila kupasha mwili joto hawezi hata kumeng'enya alichokula jana.

Kusoma dalili kabla ya damu

Kuumana huja mwishoni. Dume mwenye eneo huanza kwa kutikisa kichwa juu na chini, halafu anapiga pushapu kwa miguu ya mbele huku ngozi ya koo ikishuka. Mwenzake asipoondoka, anajigeuza ubavu na kubana mwili ili aonekane mkubwa, kisha anakimbiza. Wakishikana kweli hujipanga kichwa kwa mkia na kuchapana mikia, na pigo likitua vizuri linaweza kujeruhi taya. Wengi huanza kuhesabu ugomvi hapo, wakati aliyeshindwa ameshakonda.

Tunachoandika sisi ni uhamaji. Daftari lina safu tatu: nani amekaa, nani amekuja, nani ameondoka. Tunaangalia nusu saa ya kwanza baada ya taa kuwaka, kisha tena karibu na saa tano. Mjusi anayeshuka kwenye jiwe mara tu mwenzake anapoinua kichwa, bila kukimbizwa, ameshapoteza vita ambavyo hakuna aliyeviona. Jina lake likijirudia safu ya tatu kila asubuhi, huyo ndiye mgonjwa wetu hata kama hana mkwaruzo.

Kwa mwezi Mei safu hiyo ilikuwa na D2 karibu peke yake, na kidogo J3.

Rangi nayo husaidia, ila kwa tahadhari. Dume mwenye hadhi ana kichwa cha rangi ya chungwa iliyoiva na mwili wa buluu. Dume aliyeshindwa hupauka akawa kahawia, karibu afanane na jike, na hapo wafugaji husema "amekubali, sasa wanaelewana." Hajakubali chochote, anajificha huku kila mtu anamwona. Shida ni kwamba dume mwenye baridi naye hupauka. Njia ya kutofautisha ni kipimajoto cha leza: kielekeze mgongoni ukiwa karibu, ndani ya sentimita 15, usije ukapima jiwe. Mgongo ukisoma nyuzi 20 na kitu, rangi haikuambii lolote. Subiri apate moto. Ukisoma 35 na bado ni wa kahawia, anakandamizwa.

Kipimo cha tatu ni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja. Mjusi anapimwa asubuhi kabla ya kula, ndani ya kopo lenye mfuniko. Kikomo chetu: anayepungua asilimia 10 ndani ya wiki mbili anatolewa, bila mjadala wala "tumwangalie kidogo." D2 alishuka kutoka gramu 68 hadi 60. Akatolewa.

Mwanzoni mwa Juni: D2 apata kizimba chake

Tunaulizwa kwa nini hatukujaribu kwanza kuongeza mawe na kuwaacha madume wote wawili. Kwa spishi hii, dume aliyekomaa anashika eneo pamoja na majike wake, na dume wa pili huvumiliwa mpaka wa kwanza anapomtambua kuwa ni dume. Porini aliyeshindwa anahamia mwamba mwingine. Kwenye futi 8 hakuna mwamba mwingine. Hata kizimba cha futi 16 kingeahirisha tu tatizo. Mpangilio tunaoukubali ni dume mmoja na majike wawili au watatu.

Kizimba cha D2 ni cha futi 4 kwa 2, kimo futi 3, na kimewekwa ukuta mwingine wa baraza. Mahali pa kukiweka ni muhimu kuliko ukubwa wake. Ukitenganisha madume kwa wavu, au ukaweka vizimba viwili wakatazamana, vita vinaendelea mchana kutwa kwa vichwa na pushapu, hakuna anayekula vizuri, na aliyeshindwa anabaki kahawia. Kitenganishi kiwe plaiwudi au bloku, kitu kisichopenyeza mwanga.

Kioo kilileta kero ya aina yake. Mlango wa D2 ulikuwa wa kioo, na saa za asubuhi, nje kukiwa bado giza na ndani taa zinawaka, alijiona mwenyewe na kuanza kujipigia pushapu. Tulibandika karatasi ya kaki kwa ndani hadi urefu wa sentimita 40 kutoka sakafuni, akaacha. Kioo kina kasoro nyingine kubwa zaidi: kinazuia miale ya UVB, ile ya jua inayomsaidia mjusi kujenga mifupa, kwa hiyo jua linalopita kwenye kioo linampa mjusi joto bila faida ya mifupa, na kizimba kidogo kinaweza kugeuka tanuri mchana. Mlango ukabadilishwa, ukawa wa wavu wa nusu inchi. Wavu wa kuku wa matundu makubwa haufai. Watoto wanapita, na mkubwa akinasa kidole anajing'oa kucha.

Juni: kugawa joto

Hapa ndipo kazi nyingi ilipokuwa. Juni na Julai Arusha hupambazuka na mawingu, manyunyu mara kwa mara, na jua linaweza lisionekane mpaka mchana. Nafasi moja yenye joto asubuhi ya namna hiyo inakuwa na thamani kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka. Kizimba kilichokaa kwa amani tangu Desemba huanza vurugu Juni, na mwenyewe anadhani mijusi wamebadilika tabia.

Taa ya wati 100 iliondolewa. Badala yake kuna vituo viwili vya kuota, kila kimoja na balbu mbili za halojeni za wati 50 zilizowekwa sambamba. Kwa nini mbili kila kituo? Balbu moja yenye mwanga mwembamba inachoma duara dogo kama kiganja. Kichwa na mabega vinapata moto, nyuma kunabaki baridi, basi mjusi anakaa muda mrefu mno akijaribu kusawazisha, na wengine wanangoja. Joto likifunika mwili wote kuanzia pua hadi mwanzo wa mkia, anamaliza haraka na kupisha.

Vipimo tulivyolenga: uso wa jiwe nyuzi 45 hadi 50, hewa ya upande wa joto 32 hadi 34, upande wa baridi 22 hadi 25. Usiku tunaacha ishuke hadi 15 au 16. Hawa ni mijusi wa mwinuko huuhuu. Balbu zipo sentimita 28 juu ya jiwe, ndani ya kikapu cha waya ili asiparamie akaungua. Sogeza balbu kwa kupima, usikisie kwa mkono, kwani kiganja chako hakitofautishi 48 na 56.

Tulinunua themostati (kifaa cha kudhibiti joto) ya kuwasha na kuzima, ikarudishwa dukani. Kwa halojeni inayotoa mwanga inafanya kizimba kiwe disko na balbu zinakufa mapema. Inayotakiwa ni ile inayopunguza nguvu taratibu. Ukiikosa, dima ya ukutani (swichi ya kupunguza mwanga) pamoja na taima inatosha, mradi upime uso wa jiwe kila msimu ukibadilika.

Mambo mawili yaliharibu mpangilio wa kwanza wa vituo hivi. Cha kushoto kilikuwa juu kwa sentimita 20 kuliko cha kulia. Mijusi hawa wanapenda kilele, kwa hiyo cha kulia kilibaki kitupu huku wote wanne wakigombea cha kushoto, ingawa joto lilikuwa sawa. Vilisawazishwa kwa bloku. Jambo la pili ni mawe yenyewe. Mawe meusi ya volkano yanapatikana kirahisi hapa na yanashika joto vizuri, lakini jiwe nene lilihitaji karibu saa nzima kupata moto asubuhi ya mawingu, na saa hiyo ndiyo ya ugomvi. Sasa juu ya kila kituo kuna bamba la jiwe la unene wa sentimita 3, na taa zinawaka saa 12:30 asubuhi, kabla hawajatoka mafichoni.

Mawe yote yamekaa juu ya sakafu ya kizimba na kushikwa kwa saruji. Mchanga ulimwagwa baadaye kuyazunguka. Ukipanga mawe juu ya mchanga, jike atachimba chini yake na rundo litamwangukia.

Mirija ya UVB ni miwili, T5 ya wati 24, mmoja kila upande. Ukiwa mmoja tu, aliyefukuzwa anakosa joto na UVB kwa pamoja, na miezi kadhaa baadaye unaona taya laini na miguu inayotetemeka kwa yule yule aliyekuwa safu ya tatu.

Juni inaendelea: mstari wa macho

Vituo viwili vinavyoonana ni kituo kimoja. D1 alikaa cha kushoto, na J3 alipopanda cha kulia, alishushwa kwa kichwa tu, kutoka futi 5.

Kizuizi kilichojengwa katikati ni plaiwudi ya milimita 12, kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma na kutoka sakafuni hadi darini, kikiwa na njia mbili: tundu la sentimita 20 chini upande wa nyuma, na jingine la upana huohuo juu upande wa mbele. Njia ikiwa moja, dume anajifunza kuilinda. Pande zote mbili zimepakwa gundi ya mbao na kunyunyiziwa mchanga mkavu ikiwa mbichi, ili kucha zishike. Baada ya kukauka, upande wa pili wa njia hizo umeongezewa ubao mdogo wa kuziba mwanya kwa jicho bila kuziba kwa mwili, umbali wa sentimita 12 kutoka tundu.

Kupima kama kizuizi kinafanya kazi, weka simu juu ya jiwe la kuotea, kamera iwe sentimita 5 tu kutoka juu ya jiwe, usawa wa jicho la mjusi aliyelala. Piga picha kila upande. Kisha iinue hadi sentimita 12, usawa wa dume aliyesimama kwa miguu ya mbele, urudie. Jiwe la pili likionekana hata pembe yake, kizuizi bado. Picha za kwanza kabisa zilionyesha wazi kupitia tundu la juu. Kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni kizimba kilionekana kimezibwa vizuri.

Mafichoni sheria ni moja: kila kificho kiwe na milango miwili. Bomba la PVC la inchi 4 lililokatwa sentimita 40, limepakwa mchanga kwa ndani, wazi pande zote. Kificho chenye mlango mmoja ni mtego. Aliyeingia akikimbia anafungiwa humo na anayemfukuza anakaa mlangoni.

Mabakuli sasa ni manne, mawili kila upande, na chakula kinawekwa kwa wakati mmoja: nyenje, panzi, na mabuu ya inzi wanaofugwa kwa chakula cha kuku, yote yakipakwa unga wa kalsiamu. Panzi wa kukamata kwenye mashamba ya mboga tumeacha, kwa sababu ya dawa. Nyenje waliobaki jioni wanatolewa; usiku wanamtafuna mjusi aliyelala.

Julai: majike nao

D2 alipoondoka tulitarajia utulivu. Safu ya tatu ikajaa jina la J3. J1 alikuwa anamkimbiza sehemu moja tu, kona ya nyuma kushoto, na hakumgusa akiwa juu ya jiwe. Kona hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na udongo wa kina. J1 alikuwa na mayai.

Jike mwenye mayai humkataa dume kwa kukunja mgongo na kuinua mkia, na humfukuza jike yeyote aliye karibu na mahali pa kuchimba. Dawa yake ni sehemu za kutagia, nazo ziwe nyingi kuliko majike wenye mayai. Tumeweka tatu: ndoo za lita 20 zilizokatwa nusu, udongo wa kina cha sentimita 22, mchanga sehemu mbili kwa udongo mfinyanzi sehemu moja, maji ya kutosha ili ukifinya lishikane bila kudondosha tone. Udongo mkavu unabomoka akichimba. Anaanza shimo, linajifunga, anahamia kwingine, na kila kuhama ni ugomvi mpya. Mayai ndani ya tumbo hayangoji. Jike asiyepata pa kutaga anaweza kukwama nayo akafa. Kila ndoo ina kipande cha bati mbele yake, kumzuia D1 asimwone anapochimba.

J3 alipata jeraha kabla ndoo hazijawekwa: meno mawili kwenye mkia, karibu na kiuno. Alihamishiwa kwenye boksi la plastiki lenye gazeti chini badala ya mchanga, lenye taa yake. Jeraha lilioshwa mara mbili kwa siku na povidone iodini iliyozimuliwa kwa maji hadi rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Uvimbe unaotakiwa kuangaliwa ni mgumu: usaha wa mjusi haumiminiki kama wa ng'ombe, unaganda ukawa bonge, na haukamuliwi. Ukiona bonge, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye kisu. Marhamu za dukani zenye dawa ya ganzi zisipakwe. Mkia wa mijusi hawa haukatiki kirahisi kama wa mjusi kafiri wa ukutani, na ukikatika hauoti tena ipasavyo, kwa hiyo jeraha la mkia si la kupuuzwa.

Umeme ulikatika mara kadhaa mwezi huu. Kukatika kwenyewe hakuleti ugomvi, wote wanapoa na kujificha. Shida ni unaporudi saa nne na mawe ni ya baridi: wanatoka wote kwa pamoja kuwahi nafasi. Sasa taa zikizimika asubuhi, chupa mbili za maji ya moto zilizovikwa soksi zinawekwa chini ya mabamba, moja kila kituo. Frijigadi, kifaa cha kukinga vyombo dhidi ya umeme usio tulivu, imefungwa kabla ya taima. Umeme ukirudi na nguvu nyingi, halojeni ndizo za kwanza kwenda.

Mwanzoni mwa Agosti: kumrudisha J3

Mjusi aliyetolewa akirudishwa kizimba kikiwa vilevile, anarudi kama mgeni kwenye nyumba yenye wenyewe. Kwa hiyo siku hiyo kizimba chote kilivurugwa kwanza. Mabamba yalioshwa, mabomba yakahamishwa, matawi yakageuzwa, mabakuli yakabadilishwa upande. J3 aliingizwa akiwa na joto tayari, mgongo nyuzi 34, dakika kumi kabla ya wengine kurudishwa. Aliye baridi hawezi kukimbia, na kumrudisha mtu asiyeweza kukimbia ni ukatili.

Urudishaji ufanyike asubuhi, ili kuwe na saa nyingi za kuangalia. Kufanya jioni na kwenda kulala ndiyo njia ya kuamka ukakuta kidole hakipo.

J1 alimkimbiza mara chache asubuhi hiyo, akaacha. Siku zilizofuata J3 alitumia kituo cha kulia, J2 akawa anabadilisha pande zote mbili. D1 anazunguka kupitia tundu la juu, anakagua, anarudi. Kukimbizana hakujaisha na hakutaisha. Tunachotafuta ni anayekimbizwa awe na pa kwenda penye joto sawa na alikotoka. Uzito wa J3 umerudi ulipokuwa Mei.

D2 peke yake alibaki kahawia kwa muda, halafu kichwa kikaanza kupata rangi kuanzia kidevuni. Hatarudishwa.

Mwishoni mwa Agosti: kinachoendelea

Ndoo ya kati ina mayai sita ya J1, yamehamishiwa kwenye kontena lenye mchanga wenye unyevu bila kugeuzwa. Kila yai liliwekwa alama ya penseli juu kabla ya kuinuliwa. Watoto wakitoka hawataingia humu, wakubwa huwala. Boksi lao linatengenezwa kwa plaiwudi iliyobaki, wavu wa milimita 5, na vituo vya kuota vitatu vidogo, kwani watoto nao huanza kushindania nafasi mapema na wakubwa kidogo huwanyima wadogo chakula. Watapangwa kwa saizi kila wiki.

Septemba jua likirudi asubuhi, dima zitashushwa na mabamba yatapimwa upya kwa leza.